Kisu Chenye Pengo

Mama Faustini aliniita mwezi uliopita, na mimi sikutaka kwenda. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinipe wema nisiokuwa nao. Binti yake alinipigia simu, akajitambulisha, akasema mama alikuwa amelazwa, sasa amerudishwa nyumbani Nakwa, nje kidogo ya Babati, hali yake si nzuri na ananiulizia. Nikamwuliza mama anataka nini. "Hasemi, mama mdogo. Anasema tu, niitieni Adela aliyekuwa anachapa barua, nina swali langu kwake." Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita tangu nihame Babati. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi ndani ya basi, na kila mara basi liliposimama stendi sikushuka. Nilinunua ndizi kupitia dirishani, nikautazama mlima Kwaraa na wingu lake, nikaomba dereva apige honi tuondoke. Wenzangu wa safari walidhani nina haraka ya kufika. Kumbe nilikuwa na haraka ya kuondoka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Lakini mtu anayeumwa akikuita kwa jina huwezi kumwambia una kazi nyingi. Nilifunga begi dogo, na njia nzima nikawa nafikiria mwaka mmoja tu, ule niliokaa uani kwa Mama Paskali nikijifunza kuficha vitu kiganjani.

Mkoa ulikuwa ndio kwanza umezaliwa. Babati, mji ambao watu wengi waliujua kwa kupita tu, uliambiwa ghafla kwamba sasa ni makao makuu, na kila basi lililoingia lilikuwa na magodoro na masufuria ya makarani juu ya keria. Ofisi zilikuwa hazitoshi, meza zilikuwa hazitoshi, na kwa sababu hiyo mimi nilipata kazi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini ninayejua kupiga mashine ya chapa bila kutazama vidole, na kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi kilinihitaji. Nilipanga chumba kwa Mama Paskali, mjane wa Kiiraqw mwenye sauti ya kurudishia ng'ombe zizini, nyumba yake ikiwa kandokando ya barabara iendayo Bonga. Vyumba vilitazamana, katikati kukiwa na ua wa udongo uliopigwa ukawa mgumu, na maisha yote yalikuwa pale: jiko, kamba za nguo, ugomvi, maombi. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati. Ukikohoa, mpangaji wa chumba cha tatu alikwambia pole. Nilijua karani wa kilimo anaombea nini, nilijua mwalimu na mkewe wamenuniana kwa ajili gani, na kwa harufu tu nilijua nani leo amepata kambale wa ziwani na nani amerudi tena kwenye mchicha. Chumba kilichotazamana na changu kilikuwa cha Mama Faustini, mwanamke wa Kibarabaig kutoka tambarare za Hanang, aliyenizidi miaka michache tu. Mumewe alikuwa chimboni Mererani, akija na kuondoka bila taarifa, naye alikaa na mtoto wao wa pekee, Faustini, mvulana wa kama miaka minne mwenye kichwa kikubwa na maswali yasiyoisha. Na chumba cha pembeni, karibu na bomba, kilikuwa cha mzee Elifasi, ambaye nyumba nzima ilimwita Profesa.

Uprofesa wake ulikuwa wa mazingaombwe. Wanaonizidi umri kidogo watakumbuka watu wa aina yake: mwanamume mwenye koti jeusi na sanduku la bati, anafika shuleni asubuhi, anaongea na mwalimu mkuu, na mchana wanafunzi wote wanakalishwa chini ya miti au kwenye darasa kubwa, wanamwona akivuta vitambaa mdomoni, akimtoa njiwa kwenye chungu, na mwisho kabisa akimchinja mtoto mmoja na kumfufua. Elifasi alikuwa amezunguka hivyo ujana wake wote, Kondoa, Hanang, Mbulu, Singida, mpaka kiharusi kilipomkuta na kumwachia mkono wa kulia unaotetemeka kama wa mtu anayepepeta mchele. Hapo koti likatundikwa. Alikuwa anaishi kwa kushona viatu kwa mkono wa kushoto, na sanduku lake la bati lilikuwa chini ya kitanda.

Siku ya kwanza aliyonionyesha kitu, alishindwa. Nilikuwa naosha mchele, kifungo cha blauzi yangu kikakatika na kuanguka. Akakiokota, akanisalimu vizuri, akafumba mkono wake wa kushoto, akaupuliza, akaufungua, hakuna kitu. Watoto waliokuwa bombani wakashangilia. Lakini mimi nilikuwa nimekiona kifungo kimebanwa katikati ya vidole viwili, kwa nyuma, ukingo wake mweupe ukichungulia. Sikusema kitu. Akanitazama. "Umeona," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeona, mzee. Samahani." "Samahani ya nini? Wanaoshangaa hawafundishiki. Anayeona ndiye anayefundishika. Jioni ukimaliza kula njoo hapa mlangoni." Mpaka leo sijui kama nilivutwa na mazingaombwe au na yule mzee aliyefurahi kukamatwa. Naelekea kudhani ni la pili. Alikuwa amekaa miaka bila mtu wa kuzungumza naye juu ya kitu pekee alichokijua.

Basi nikaanza. Kwanza mbegu ya mbaazi, kwa sababu Babati mbaazi huzikosi, kisha kifungo, kisha kizibo cha soda, na baadaye yai la kuchemsha, ambalo lilinitesa mpaka vidole vikashikwa na ganzi. Alinifundisha kuacha kitu kiganjani na kuutembeza mkono kama hauna kitu, na hilo ndilo gumu kuliko yote, maana mkono wenye siri hujikaza wenyewe. "Mkono ni mjinga, mwache afanye kazi yake," alikuwa akiniambia. "Wewe shughulika na macho yako. Watu hawatazami mkono, wanatazama unakotazama wewe." Nilifanya mazoezi nikichota maji, nikingoja foleni ya unga, nikiwa kazini. Mwenye kibanda alikuwa anatafuta kifutio mezani na kukikuta kwenye mfuko wa shati lake, akaanza kujiombea. Mama Paskali hakupendezwa. "We Adela, mikono hiyo itakuletea neno hapa mjini," alinikemea huku akigeuza ugali. "Watu wakishindwa kuelewa kitu wanakitafutia jina, na jina lenyewe unalijua." Nilicheka tu. Nilikuwa na umri wa kucheka.

Mtazamaji wangu mkuu alikuwa Faustini. Alikuwa anakuja mlangoni kwangu nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, anakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa na kusema, "Fanya." Nilifanya. Kizibo kinapotea. Ananifungua vidole kimoja kimoja, kwa subira ya mtu mzima, anatazama kiganja, anageuza, anatazama nyuma. "Kimeenda wapi?" "Kimekwenda Bonga." "Kufanya nini?" "Kumsalimia shangazi yake." "Kitarudi saa ngapi?" "Kikishashiba." Naye alikuwa anatoka mpaka penye ua wa miti, anasimama kutazama barabara ya Bonga na malori yanayopita na vumbi, anakingoja. Akirudi amekata tamaa, alikikuta kizibo kwenye kofia yake mwenyewe. Mama yake alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu. "Usinichokozee mtoto, Adela! Ataanza kutoroka kwenda huko." Vidole vyake, vidogo, vyenye unyevunyevu wa kunyonya, bado navisikia mkononi. Naandika haya nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, nina ofisi yangu na wasaidizi, na ninapokuwa kwenye kikao kirefu mkono wangu huficha kifuniko cha kalamu wenyewe bila kuniuliza, kisha nahisi kabisa kwamba kuna mtu ananifungua vidole. Nimejaribu kuuzoea ule mguso. Sijauzoea.

Kulikuwa na jambo moja uani ambalo lilinitatiza tangu mwanzo. Kila asubuhi Mama Faustini alimpelekea Profesa kikombe cha maziwa ya mgando. Hakuwa na ng'ombe pale, maziwa yalitoka kwa jamaa zake waliokuja mnadani, na mara nyingine mtoto wake mwenyewe hakupata. Alipiga goti kidogo, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama chini mpaka mzee alipopokea. Mzee alishukuru, akauliza habari za nyumbani, na kila mara alionekana kuona haya. Nilipomwuliza kama wana undugu alikataa. "Simfahamu kabisa. Nilidhani ndiyo desturi yao kwa wazee." Lakini karani wa kilimo alikuwa mzee kumliko, na yeye hakuwa akipata hata shikamoo ya kueleweka.

Mama Faustini aliniambia mwenyewe, Jumapili moja mchana, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua mbaazi kwenye ungo, Faustini amelala kati yetu. "Unafundishwa na yule mzee," akasema. "Huogopi?" Nikamwuliza niogope nini. "Mtu anayeweza kumrudisha mtu." Nikadhani ananitania. Akaendelea kuchambua, akitoa kokoto na kuziweka pembeni, na kunieleza kwa sauti ileile ambayo angenielezea bei ya nguo. Alikuwa darasa la pili, huko kwao. Profesa alifika na sanduku lake. Akataka mtoto mmoja, wote wakakimbia, yeye akabaki kwa sababu miguu ilikataa. Akalazwa kwenye dawati, akafunikwa kitenge. "Nikasikia chuma hapa shingoni, baridi. Halafu damu, inatiririka. Nikafa." Niliacha kuchambua. "Nilikufa, Adela. Siyo kulala. Giza lile silo la usingizi. Na kule nikamsikia mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo kama huyu. Akaniambia, tulia mwanangu, mama yuko hapa na wewe. Kwa Kibarabaig, kwa lugha yetu, wala si Kiswahili. Mwalimu alikuwa Mpare, na yule mzee ni mtu wa huko Kilimanjaro. Nani mwingine pale angenisemesha kwa lugha yetu? Halafu nikaamka, naona watoto wanalia, na yule mzee amenishika kichwa. Nyumbani baba alichinja kondoo, kwa sababu mtu aliyekwenda na kurudi haingii ndani hivi hivi. Ndiyo maana nampa maziwa. Ni kidogo, lakini nitampa nini kingine?"

Mimi nilikuwa nimeshakiona kisu. Kilikuwa kwenye sanduku, kimefungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kisu kirefu, cha kutisha, chenye pengo la mviringo katikati ya makali, pengo la kuingia shingo ya mtoto, na hata ya mtu mzima aliyekonda. Unakishika hivi, kiganja kinaziba pengo, watu wanaona kisu kizima. Ukikiweka shingoni, pengo linaikumbatia shingo na ncha inatokea upande wa pili. Sifongo yenye rangi nyekundu imefichwa palepale mkononi, unaikamua. Ndiyo yote. Mtoto hana hata mkwaruzo. Yule binti wa darasa la pili alizimia kwa hofu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nilimtazama akipepeta ungo, mwanamke mwerevu, hodari wa kupatana bei, asiyedanganywa na muuzaji yeyote pale sokoni, na sikuweza kufungua mdomo.

Nilimwambia Profesa, ile sehemu ya kisu tu, ile ya mama yake niliiacha. Sikuiona kuwa yangu ya kugawa. Aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona. "Walikuwa wengi," akasema hatimaye. "Kila shule mmoja. Walikuwa wanaamka wanacheka. Huyo mmoja hakucheka, sasa nakumbuka, nikadhani ana aibu." Nikamwuliza kama atamwambia. "Nitamwambia. Niachie mimi." Lakini kesho yake maziwa yalikuja, akayapokea, na kesho kutwa vilevile, na miezi ikaenda. Sasa kwa kuwa nilijua, nilikuwa nasikia kila asubuhi, kupitia juu ya ukuta usiofika batini, jinsi alivyokuwa anayanywa polepole, akisimama kati ya funda na funda. Sikumlaumu na simlaumu. Kuna maneno yanayohitaji siku yake, na siku yenyewe ilikuwa inakawia.

Ilifika mwisho wa masika. Faustini alianza homa, mama yake akampeleka kutibiwa, akapewa dawa, akarudi nazo na kuzifuata kama alivyoelekezwa. Nilimkuta jioni amejilaza mlangoni, nikampitishia kizibo mbele ya macho. Hakusema fanya. Alitazama tu. Kulipokucha nikasikia degedege, kitanda kikigonga ukuta, na Mama Paskali akikimbia na maji, na mtu akitumwa kutafuta gari. Gari lilipofika halikuwa na kazi tena.

Wanawake walijaa uani haraka, na katekista akafuatwa. Mama Faustini hakulia. Hilo ndilo lililotutia hofu kuliko kilio chochote. Alimfunga mtoto kwenye kitenge kisafi, kama anayejiandaa kwa safari, akatoka naye, akavuka ua. Watu wakampisha, wakidhani anaelekea bombani. Alikwenda akakaa chini mbele ya mlango wa Profesa, akamlaza mtoto mapajani, akapiga hodi. Mzee akafungua. "Shikamoo baba," akasema. "Nimekuletea. Uliniamsha mimi. Mwamshe na huyu."

Mama Paskali alimwinamia, "Mama Faustini, mwanangu, nyanyuka," naye akamwondoa mkono pasipo hasira. Akawageukia wanawake, akawaeleza kwa utulivu kwamba wasianze kilio, kwamba mtoto hatazikwa leo wala kesho, kwamba huyu baba anaijua kazi hii, yeye mwenyewe ni ushahidi. Wengine walimtazama mzee kwa macho mapya. Niliwaona wakirudi nyuma hatua moja, na nikakumbuka onyo la Mama Paskali kuhusu jina ambalo watu hukitafutia kitu. Profesa alikuwa ameshika mwimo wa mlango. "Adela," akasema, "lete sanduku."

Nililileta, nikalifungua. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya yule mama, magoti yao yakikaribia kugusana, akafungua kola ya shati. "Mama Faustini, nitazame. Sikukuamsha. Hukufa. Nitakuonyesha nilichokufanyia. Mkono wangu hauwezi, huyu binti atafanya badala yangu. Adela, nichinje. Bila nguo ya kufunika. Polepole, aone kila kitu." Nikaloanisha sifongo kwa ile rangi ya keki aliyokuwa anaitunza kwenye chupa. Nikakishika kisu. Naapa sikukusudia kilichofuata. Mwaka mzima mikono yangu ilikuwa imefundishwa kitu kimoja tu, kuficha, na ikaficha. Kiganja kikaziba pengo, macho yangu yakaenda kwenye ncha, na macho ya watu wote yakanifuata. Nikaweka, nikavuta, nikakamua. Damu ikatiririka kifuani kwa mzee na ncha ya kisu ikatokea upande wa pili wa shingo. Wanawake wakapiga yowe. Na Mama Faustini akanyanyuka nusu, amemkumbatia mtoto, uso umemng'aa, uso wa mtu anayeona gari lake linakuja. "Ndivyo!" akasema. "Ndivyo hivyo hivyo!"

"Umeficha," Profesa akaniambia, kisu kikiwa bado shingoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Toa mkono, Adela. Onyesha pengo. Toa mkono." Nilijua akishaliona hatalisahau, nami nilikuwa nimeuona uso wake. Vidole havikutaka. Ilinibidi nivifungue kimoja kimoja, kama alivyokuwa anavifungua mtoto aliyelala pale mapajani. Nikakiinua kisu, nikakigeuzia jua, watu wakaona ua upande wa pili kupitia kwenye makali. Mama Faustini akakaa tena. Akanyoosha mkono, nikampa. Akapitisha vidole vitatu katikati ya pengo, akavitoa, akavipitisha tena. Akamgusa mzee shingoni, akaifuta ile rangi kwa kidole gumba, akatazama ngozi nzima chini yake.

"Kwa hiyo sikufa," akasema. "Hukufa, mwanangu. Ulizimia. Nisamehe." Nje lori lilipita, mabati yakatikisika. "Na mama yangu je? Nilimsikia mama." Profesa akafungua mdomo, nami niliyekuwa nimesimama karibu yake nikauona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyepigwa kofi. Akaufunga mdomo. Akatazama chini. "Hilo sikulifanya mimi," akasema. "Hilo silijui." Mama Faustini akatikisa kichwa taratibu. Kisha akamnyanyua mtoto na kumkabidhi Mama Paskali, na kilio ambacho kilikuwa kimezuiwa tangu alfajiri kikatoka, kwake kwanza, kisha kwa wote, mpaka majirani wa ng'ambo ya barabara wakaja wakikimbia.

Tulimzika Faustini siku ya pili, baba yake akiwa amewahi kutoka Mererani na nguo za kazi mwilini. Mimi nilimwaga udongo wangu na kuondoka haraka, maana nilikuwa na kizibo mfukoni na sikujua nikiweke wapi. Baada ya matanga Profesa aliniita mlangoni kwake. Alikuwa amedhoofu ghafla. "Unajua nilikuwa nafanya nini kabla ya kisu?" akaniuliza. "Mtoto akiogopa anaruka, na akiruka ataharibu kila kitu. Nilikuwa nainama kama namfunika vizuri, namnong'oneza sikioni. Tulia mwanangu, mama yuko hapa na wewe. Na mtoto husikia lugha ya kwao haraka kuliko lugha ya shule. Kila mahali nilipokwenda nilikuwa namwuliza kwanza mpishi wa shule au mlinzi anifundishe maneno hayo kwa lugha ya pale. Ya Kirangi ninayo, ya Kinyaturu ninayo, ya Kiiraqw ninayo." Akageukia mlango wa Mama Faustini. "Na ya Kibarabaig." Akayasema. Sikuielewa lugha, lakini niliielewa sauti, nyororo, karibu ya mwanamke. "Kisu nilikuwa na haki ya kukitoa, kilikuwa changu," akasema. "Lakini hilo lingine ningelitoa nimwachie nini? Wewe ni mdogo, utabaki. Akikuuliza siku moja, fanya utakavyoona." Mama Faustini hakumpelekea tena maziwa, na wala hakumtukana. Alihamia Nakwa. Profesa alifariki kabla ya mwaka kwisha, nami nikatafuta kazi mji mwingine, nikaondoka na mikono isiyotaka kusahau.

Ndivyo nilivyofika Nakwa. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ina shamba la mahindi na mbaazi nyuma, na watoto aliowapata baadaye wamekua na wana wao. Bado wanamwita Mama Faustini, hata wale ambao hawakumwona Faustini. Alikuwa amelazwa kwenye kochi sebuleni, amekonda, macho yaleyale. Tuliulizana habari. Binti yake akaenda jikoni. "Mikono yako bado inafanya?" akaniuliza. Nikamwambia inafanya yenyewe. Akatabasamu kidogo, kisha akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Nataka kukuuliza, na usinifiche kwa sababu naumwa. Wewe ulikaa na yule mzee, alikuwa anakwambia mambo yake." Nikamwambia aulize. "Alijua Kibarabaig?"

Nilikuwa nimefikiria njia nzima kutoka stendi jinsi ambavyo ningemweleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno, ya upole, ya kweli, nikijiambia mtu anayekaribia kuondoka ana haki ya kujua kila kitu. Nilimtazama machoni bila kupepesa.

"Nani, Profesa? Hapana, dada. Hata salamu hakuijua. Wenyeji wa mnadani wakimsalimia alikuwa ananiuliza mimi wamesema nini, na mimi mwenyewe sikujua."

Alinichunguza kwa muda, akitafuta, kama anavyotafuta mtu aliyewahi kupitisha vidole kwenye pengo la kisu. Sikuyaondoa macho. Mwishowe mabega yake yakalegea kwenye mto.

"Basi Faustini hayuko peke yake huko," akasema, kisha akamwita binti yake alete chai.